Barua ya Kusikika Mara Moja

Waraka wa kichungaji una wasomaji wa aina mbili, na mwandishi wake hana budi kuwatosheleza wote kwa sentensi ileile. Wa kwanza ni mama aliyeketi kwenye benchi la mbao katika kigango cha mbali, tuseme upande wa Nuu au Mutomo kule Kitui, au Makueni, bondeni kuelekea Kibwezi. Huyu atausikia mara moja tu, kwa mdomo wa mtu mwingine, na mara nyingi baada ya kugeuzwa papo hapo kuwa Kikamba. Wa pili ni ofisa wa serikali. Katika enzi ya chama kimoja alikuwa pia shushushu, mwenye nakala mezani na kalamu mkononi. Huyu atausoma mara kumi, akitafuta neno moja la kumtia mtu hatiani. Ukimwandikia mama peke yake, ofisa atalipata neno lake. Ukimwandikia ofisa peke yake, mama atasinzia kabla ya aya ya tatu.

Nyaraka za maaskofu Wakatoliki wa Kenya za kati ya 1986 na 1994 zimesifiwa sana kwa ujasiri, tena na watu wenye haki ya kuusifu. Kinachopitwa ni kazi yenyewe ya kuandika. Ujasiri bila ufundi ungezaa barua za hasira ambazo zingesomwa Jumapili moja, zikapigwa marufuku Jumatatu na kusahauliwa Ijumaa. Hizi zilidumu, na zilidumu kwa sababu kuna watu waliokaa mezani wakabishana juu ya vitenzi.

Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kiliamua kwamba katika mchujo wa chama wapigakura wapange foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, na atakayevuna asilimia 70 au zaidi ahesabiwe amepita, bila kura ya siri. Wakenya wakauita mlolongo. Viongozi wa dini walikuwa na shida ya pekee na utaratibu huo: padri au mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja, nusu ya waumini wake wamekwisha kumwona mgongo. Novemba mwaka huohuo maaskofu Wakatoliki walimwandikia Rais Daniel arap Moi kuupinga.

Barua ya kumwandikia mkubwa ina adabu zake. Inaanza kwa kukubali mamlaka ya mwandikiwa, inataja mema aliyoyatenda, ndipo inafika kwenye jambo, na ikifika haizunguki tena. Muhimu kuliko yote, inamwachia mkubwa njia ya kurudi nyuma bila kuaibika mbele ya watu. Wazee wa Ukambani waliosuluhisha kesi za mipaka ya mashamba walijua kanuni hiyo kabla ya kuja kwa mapadri. Maaskofu waliifuata, na kwa upande wa matokeo ya haraka hawakupata kitu: mchujo wa 1988 ulifanyika kwa mlolongo, na kuna mahali mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi mchana kweupe. Jarida la Beyond, la Baraza la Taifa la Makanisa, lilipoyaandika hayo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Mlolongo wenyewe uliondolewa mwishoni mwa 1990.

Lakini ile barua ya 1986 iliwafundisha waandishi wake jambo ambalo linaonekana katika kila waraka uliofuata. Barua ya faragha ikikaliwa kimya, haipotei bure. Inakuwa ushahidi kwamba ulianza kwa heshima. Juni 1990, wiki chache baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kudai vyama vingi hadharani, maaskofu walitoa waraka wa wazi juu ya hali ya nchi. Hakuna aliyeweza kusema kwamba wamekimbilia mimbari kabla ya kubisha hodi.

Katika baraza la maaskofu hao kulikuwa na mtu mmoja ambaye watu wa Kitui na Makueni wana sababu ya kumdai kama wa kwao. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa Mwala mwaka 1931. Mwaka 1969 akawa askofu wa kwanza wa Machakos, jimbo ambalo wakati huo Makueni ilikuwa ndani yake, na lilibaki hivyo hadi Jimbo la Wote lilipoundwa mwaka 2023. Mwaka 1971 alihamishiwa Nakuru, na huko ndiko historia ilikomkuta. Septemba 1991 wanasiasa wa KANU walifanya mikutano ya kudai utawala wa majimbo huko Kapsabet na Kapkatet. Oktoba 29 ghasia zilizuka shamba la Meteitei, kisha zikasambaa. Watu wa makabila mengine katika Bonde la Ufa waliitwa madoadoa, na askofu wa Nakuru, Mkamba, alikuwa doa mojawapo. Alikuwa anaandika juu ya kufukuzwa kwa watu katika mahali ambapo yeye mwenyewe angeweza kuambiwa arudi kwao.

Ndingi alijulikana kwa kusema bila kuzunguka, lakini ninachokistahi zaidi ni kilichokuwa nyuma ya maneno: orodha. Parokia za Nakuru zilipokea waliokimbia, na kupokea watu ni kuandika majina, kijiji, idadi ya watoto, tarehe nyumba ilipochomwa. Waraka wa kichungaji wa Kwaresima ya 1992 uliotoa wito wa haki, upendo na upatanisho ulitoka katika karatasi za namna hiyo. Ukiusoma unahisi uzito wa daftari chini ya kila aya, hata pale ambapo daftari lenyewe halitajwi.

Katika waraka huo kuna mahali ambapo kila anayetaka kujifunza uandishi angepaswa kukaa. Maaskofu wanasema vyombo vya usalama havikuwa vimetenda bila upendeleo. Hiyo ni kauli ya moja kwa moja, nao wanaisimamia. Kisha wanapanda ngazi moja: mwenendo wa askari, wanasema, unaelekea kuonyesha kwamba kulikuwa na amri kutoka juu ya kuwaumiza watu wa makabila fulani tu. Hawasemi nani alitoa amri. Hawasemi hata kwamba amri ilitolewa. Wanasema mambo yanaonekana kana kwamba ilitolewa, na kwa hatua hiyo ndogo wanabadilisha mzigo uko mabegani mwa nani. Ofisa mwenye kalamu hana jina la kulalamikia. Akikana, inambidi aeleze kwa nini askari walitenda kama walivyotenda. Na mama wa Nuu, ambaye hakuwahi kufika Molo wala Olenguruone huko Nakuru, amesikia neno juu, naye anajua vizuri juu ni wapi.

Kuna waandishi wanaodhani tahadhari ya namna hii ni woga. Mimi naona ni kinyume chake. Mwoga angeishia kwenye ghasia za kikabila na kuombea amani. Mwenye pupa angemtaja waziri, kesho yake angekuwa mahakamani akijibu kesi ya kashfa, na walioungua nyumba wangesahaulika. Sentensi ile inasema kiasi kilekile ambacho ushahidi uliruhusu, hakuna punje iliyozidi. Kuandika kwa kipimo hicho, watu wakiwa wamelala kwenye sakafu ya kanisa lako, ni jambo gumu.

Tena haikuandikwa na mtu mmoja. Baraza la maaskofu la wakati huo lilikuwa na Kadinali Maurice Otunga wa Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Bungoma; Zacchaeus Okoth wa Kisumu; Urbanus Kioko wa Machakos; Mmalta huko Garissa; Mwitaliano huko Marsabit; Colin Davies wa Ngong, mmisionari wa Mill Hill. Askofu wa Kitui alikuwa William Dunne, Muirishi wa shirika la Kiltegan, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia 1964 hadi 1995. Rasimu ikipita mikononi mwa watu kama hao, kila mapambo yanayotegemea lugha ya nyumbani kwa mmoja wao huanguka. Methali ya Kiluo inaondoka, mzaha wa Kiirishi unaondoka, kinachobaki ni lugha kavu kidogo ambayo si ya mama ya mtu yeyote na kila mtu anaielewa. Wapo wanaolalamika kwamba nyaraka hizi hazina ladha. Ni kweli, na ladha ingezidhuru. Barua yenye ladha ya mtu mmoja huipa serikali mtu mmoja wa kumshika.

Namna aya zilivyopangwa inanikumbusha matuta ya fanya juu ambayo wakulima wa Makueni wameyachimba kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu. Mtaro unafuata mstari wa mlima, udongo unatupwa upande wa juu, na mvua inayokuja kwa fujo inasimamishwa hatua kwa hatua hadi inazama ardhini badala ya kuondoka na shamba. Waraka mzuri unafanya hivyo kwa hasira ya msikilizaji. Unaeleza tukio, unasimama kwenye andiko takatifu. Unaeleza jingine, unasimama kwenye katiba. Unafika kwenye lawama, unasimama kwenye toba, ikiwemo toba ya waumini wenyewe. Hakuna mahali mtu anaachwa na hasira peke yake ateremke nayo hadi barabarani.

Halafu kuna suala la wakati. Kwaresima ni majira ambayo Mkatoliki anategemea kusikia kwamba kuna dhambi, na serikali inayozuia wito wa toba siku za Kwaresima inajiumbua yenyewe. Mwezi uleule wa waraka wa Kenya, Machi 1992, maaskofu wa Malawi walilijua hilo pia. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 8, waraka wao ulisomwa makanisani nchi nzima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu walisikia hadharani utawala wa Kamuzu Banda ukikosolewa. Waliotia sahihi waliitwa wakahojiwa na polisi. Mkutano wa chama ambamo wazungumzaji walipendekeza maaskofu wauawe ulirekodiwa, na kanda ikavuja. Monsinyori John Roche, Muirishi aliyelisimamia jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Mtu akifikiria Muirishi mwingine aliyekaa Kitui mwezi huohuo akiweka sahihi yake chini ya waraka wa Kenya, anaelewa kwamba sahihi ya mgeni ina bei yake. Kibali cha kazi kinaweza kufutwa kwa mstari mmoja.

Sasa tufuate karatasi yenyewe. Inatoka Nairobi kwa Kiingereza, inafika Kitui, inagawanywa kwa parokia, na kutoka parokiani inakwenda vigangoni. Padri hawezi kuwa mahali pote Jumapili moja. Kigango kinachomwona padri mara moja kwa mwezi huendeshwa na katekista, na ni yeye anayesimama mbele na karatasi. Hapo ndipo waraka unapoandikwa mara ya pili. Mtu huyu, ambaye siku nyingine ni mkulima wa mbaazi na pojo, anapaswa kuigeuza sentensi ya Kiingereza yenye vishazi vinne iwe Kikamba cha watu wanaosikiliza huku watoto wakilia. Anaikata vipande. Neno lisilo na mwenzake katika Kikamba anaeleza maana yake. Kile kipimo cha unaelekea kuonyesha inabidi akivushe salama: akikidondosha, amewafanya maaskofu washtaki, akikitia maji, amewafanya wanyamaze. Na hana haki ya kuongeza la kwake, ingawa analo.

Zaidi ya hayo, chifu wa eneo huenda naye ni Mkatoliki, ameketi benchi la pili na mkewe. Askofu yuko mbali mjini, ana cheo, ana marafiki ng'ambo. Katekista ana shamba linalopakana na la chifu, na mtoto anayehitaji sahihi ya chifu apate kitambulisho. Ndiyo maana nikiulizwa ni nani fundi wa nyaraka hizi nasita kutaja maaskofu peke yao.

Mawasiliano haya hayakwenda upande mmoja. Tangu miaka ya sabini, maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo msingi wa kazi yao, waraka uliosomwa Jumapili ulikuwa na mahali pa kujibiwa katikati ya wiki, nyumbani kwa mtu, chini ya mwembe. Kampeni za Kwaresima za Tume ya Haki na Amani zimeendeleza hatua tatu alizozifundisha Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji: kuona, kupima, kutenda. Yanayoonwa katika jumuiya yanaandikwa, yanapanda parokiani, yanapanda jimboni, na mengine yanarejea kama aya katika waraka unaofuata. Mama wa Nuu anaweza kusikia mimbarini jambo ambalo alilisema yeye mwenyewe, limevalishwa koti.

Wapo walioandika nje ya kivuli cha baraza, na hao walilipa zaidi. Padri John Kaiser, Mmarekani wa Mill Hill, aliwahudumia wakimbizi wa ndani kambini Maela hadi kambi ilipovunjwa na serikali Desemba 1994. Yeye hakuwa mtu wa kuonekana kana kwamba. Aliweka kumbukumbu, aliandika kwa wakubwa wake na kwa wakuu wa serikali, na mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza ghasia hizo na kutaja majina ya wenye mamlaka. Mwaka huohuo serikali ilijaribu kumwondoa nchini kwa njia ya kibali cha kazi. Agosti 24, 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha. Wapelelezi wa FBI walisema amejiua. Maaskofu walikataa, na mwaka 2007 uchunguzi wa mahakama wa Kenya uliamua kwamba aliuawa. Nikiziweka kando kwa kando karatasi za Kaiser na waraka wa 1992, sithubutu kusema ipi ni bora. Ya Kaiser ni shahidi anayetaja. Ya maaskofu ni hakimu anayepima. Kenya ilihitaji zote mbili, na anayetaja hana wenzake kumi na kitu wa kugawana nao hatari.

Mashariki ya Kongo, mwaka uleule aliouawa Kaiser, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu alionyesha namna ya tatu. Mtangulizi wake, Christophe Munzihirwa, alikuwa ameandika barua baada ya barua kuutetea mji na wakimbizi hadi alipouawa Oktoba 1996. Kataliko alitoa ujumbe wa Krismasi ya 1999 uliokemea uporaji wa nchi na wageni pamoja na wenyeji wanaoshirikiana nao. Februari 2000 waasi wa RCD walimzuia kurudi Bukavu wakampeleka Butembo, jimbo lake la zamani, kama vile anapelekwa kupumzika. Naye akaendelea kuwaandikia watu wake kutoka huko. Waliomhamisha walidhani wamekata sauti; walichofanya ni kumgeuza askofu aliyehubiri kuwa askofu aliyeandika, na maandishi yanavuka vizuizi vya barabarani kwa urahisi kuliko gari la askofu. Alirudi Septemba, akafa Oktoba 4 akiwa Italia.

Siku hizi baraza la maaskofu wa Kenya hutoa matamko zaidi kuliko nyaraka. Novemba 2024 walilaumu utawala wa Rais William Ruto, pamoja na mambo mengine kwa utamaduni wa uongo, na mmoja wa waliosikika sana alikuwa Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, aliyekuwa askofu wa Kitui kuanzia 2008 hadi 2017. Tamko lilikuwa kali na lilistahili kuwa kali. Lakini limeandikwa kwa ajili ya maikrofoni zilizopangwa mezani, kwa sentensi zinazoweza kukatwa zikatoshea kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Kufikia Jumapili, mama wa Nuu alikuwa amekwisha kulisikia kwenye simu ya mjukuu wake. Katekista hakuwa na la kutafsiri. Hilo ni jambo jema kwa haraka yake, ila ile hatua ya pili, ya mtu wa kijiji kuyabeba maneno kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya jirani zake, imepotea, na pamoja nayo sehemu ya nguvu.

Mjesuiti Rodrigo Mejía alizikusanya nyaraka za kijamii za maaskofu wa Kenya tangu 1960 katika kitabu kilichotolewa na Paulines mjini Nairobi mwaka 1995. Ni kazi ya thamani, na ni ya Kiingereza. Upande wa pili wa ufundi huu, ule uliotamkwa kwa Kikamba katika vigango vya Kitui na Makueni, haumo, kwa kuwa haukuwahi kupigwa chapa. Atakayetaka kuukusanya aanzie kwa makatekista wastaafu, na asichelewe: aliyekuwa na miaka 40 Kwaresima ile ya 1992 sasa amepita 70.